Bibi Hakukohoa

Jumanne, 4 Machi

Naomba radhi, daftari. Sijaandika neno tangu sikukuu za Septemba. Sababu ni moja tu: halikutokea jambo lenye hadhi ya kuandikwa. Mvua ilinyesha. Nilipika dengu. Mvua iliendelea. Mtu aliyefundisha sarufi maisha yake yote hana haki ya kupoteza wino kwa ajili ya dengu.

Leo jambo limetokea. Binti yangu Yasna amepiga simu kutoka Santiago. Amesema hataniacha tena peke yangu majira ya baridi huku Caleta Remanso, na paa linalovuja na goti linalovimba. Amenitengea chumba. Ghorofa ya kumi na mbili. Nilimwuliza dirisha lake linatazama nini. Akasema linatazama dirisha jingine. Nilimwuliza chumbani mna nini kwa sasa. Akakiri: ubao wa kupigia pasi.

Nikamwambia siwezi kuhama kwa kuwa nina kazi. "Kazi gani, Baba? Si umestaafu siku nyingi, jamani!" Nikasema kazi ya kudumu, kwa mtu wa heshima. Akasema sawa. Kama kazi hiyo ipo kweli, na huyo mtu wa heshima akamthibitishia kwa mdomo wake mwenyewe kabla Machi haijaisha, ataniacha nilipo. Kama haipo, anakuja kunichukua.

Kazi haipo. Ila ipo karibu.

Doña Ercira Vidal, mjane, mwenye boti iitwayo La Porfiada, yaani Mkaidi, na ambaye ndiye nahodha wake, anatafuta msimulizi. Boti hiyo hupeleka wageni hadi mwisho wa hori, mbele ya mto wa barafu tunaouita Bibi, na kuwarudisha kabla ya giza. Msimulizi wa zamani ameoa uzeeni na kuhamia kisiwani kwa mkewe. Uzembe! Kipaza sauti kimebaki kikining'inia kwenye msumari wake, yatima.

Nilikwenda gatini mara moja. Nikajitambulisha, ingawa tumejuana tangu utoto. Doña Ercira akasema karibu, Mwalimu, ila mwenzako amekutangulia. Mwenzangu! Don Nolberto Oyarzo, aliyekuwa mtangazaji wa redio ya hapa mpaka redio ilipofungwa. Mtu asiyejua kutofautisha kiima na kiarifu. Tena ana kodiani, na huivuta bila kuombwa.

Doña Ercira ameamua kwamba tutapokezana safari mwezi huu, kisha atachagua mmoja. Nilimwuliza atatumia vigezo gani. Akasema, "Nitajua tu."

Hilo si jibu la mtu anayeamua. Lakini nilinyamaza. Mimi huujua wakati wa kunyamaza.

Alhamisi, 6 Machi

Safari yangu ya kwanza. Ushindi, kwa jumla.

Nilianza kusema kabla kamba hazijafunguliwa, ili wageni wasipoteze muda. Nilieleza asili ya jina la hori, asili ya jina la boti, na kosa lililomo katika kibao cha gatini. Tulipopita jiwe wanapolala simba wa baharini nilikuwa bado katika karne ya kumi na nane, kwa hiyo niliwaomba wageni wasigeuke. Baadhi yao waligeuka. Mama mmoja kutoka Temuco akapiga kelele, "Mwalimu, ona, ona! Pomboo wanatufuata!" Nikamweleza kwa upole kwamba pomboo hufuata kila boti, na kwamba maswali ni mwishoni.

Tukafika kwa Bibi. Pale pana desturi ya tangu enzi za babu zetu. Nahodha huzima injini. Hakuna anayepiga mluzi, hakuna anayeita, hata vikombe huwekwa chini polepole. Watu husubiri Bibi akohoe, yaani pande la barafu lipasuke kwenye uso wake na kuanguka majini. Akishakohoa, Rudecindo, kaka yake doña Ercira, ambaye ndiye baharia na ndiye mpishi, huinama ubavuni na wavu wake, huvua kipande kinachoelea, hukivunja kwa nyundo ya mti, na kila mtu hupewa wiski yenye barafu ya Bibi. Bibi asipokohoa, hanywi mtu. Ndivyo ilivyo, wala hakuna anayebisha.

Naona desturi hii ina faida kubwa kwa msimulizi. Injini imezimwa. Kelele hakuna. Kipaza sauti husikika mpaka ng'ambo ya pili. Niliitumia nafasi hiyo kueleza umri wa barafu, tabaka kwa tabaka.

Bibi hakukohoa. Tuligeuza bila wiski. Wageni walikuwa na huzuni, bila shaka kwa sababu sikuyamaliza matabaka ya chini.

Tulipokuwa tukifunga kamba doña Ercira akaniambia, "Bibi hakukohoa leo, Mwalimu." Nikasema hilo ni suala la joto la maji. Akasema, "Labda hakupata nafasi." Nilikubaliana naye. Ratiba ni finyu mno. Nitapendekeza safari irefushwe.

Jumamosi, 8 Machi

Zamu ya Nolberto. Nilipanda kama abiria wa kawaida, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, ili nipime uwezo wa adui bila kujulikana. Nolberto alinitambua nikiwa bado kwenye ngazi. Akatangaza kwa kipaza sauti: "Mabibi na mabwana, leo tunaye Mwalimu Eulogio Mansilla! Msiogope, hajaja kusahihisha madaftari!" Wakacheka. Mmoja alipiga makofi.

Mtu huyu husema kana kwamba bado yumo redioni. Alisoma saa. Alitangaza hali ya hewa, ambayo wakati huo ilikuwa ikitunyeshea sote vichwani. Alitangaza duka la viatu lililofungwa zamani. Na wageni walifurahi! Kisha akavuta kodiani, watu wakacheza, na kondori akapita juu yetu, mabawa yote mawili wazi, bila kutajwa na mtu.

Mbele ya Bibi injini ilizimwa. Nolberto alikuwa anavuta pumzi kwa ajili ya wimbo wa pili. Kabla hajafungua mdomo, Bibi akakohoa. Pande kubwa kama kanisa! Maji yaliruka, boti ikainama na kuinuka. Bahati tupu. Nolberto akainamisha kichwa kama mwanasarakasi: "Asanteni, asanteni. Tulifanya naye mazoezi asubuhi." Mama mmoja alimpa kipande cha keki aliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Nilikunywa wiski. Sikatai kwamba ilikuwa nzuri. Yaliyobaki yote nayakataa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimewaza siku nzima. Tatizo si usimulizi wangu. Tatizo ni kwamba wiski inategemea kikohozi, na kikohozi kinamtegemea Bibi, ambaye hana nidhamu. Mgeni aliyekunywa huridhika. Mgeni ambaye hakunywa hulaumu msimulizi. Basi ondoa kikohozi, uiache wiski. Mantiki safi.

Nimekwenda kiwanda cha samaki. Mlinzi wa zamu alikuwa Gatica, mwanafunzi wangu wa zamani, niliyemrudisha darasa mara mbili na ambaye bado ananiheshimu. Amenipa pande la barafu, zuri, limenyooka kila upande. Akasema, "Lakini Mwalimu, hii ni ya kulazia samoni, si ya kunywea." Nikamwambia barafu ni maji, na maji hayana kumbukumbu. Nimelitia katika sanduku la baridi na kulifunika kwa koti la mvua. Kesho safari ni yangu.

Jumanne, 11 Machi

Maji yana kumbukumbu.

Mbele ya Bibi nilisema kwa muda wa kutosha. Hakukohoa, kama nilivyotarajia. Doña Ercira alikuwa ameshashika ufunguo wa injini ili tugeuze. Hapo nikanyakua wavu wa Rudecindo, nikainama ubavuni, nikayapiga maji kwa kishindo, nikainuka na pande langu. "Mabwana, miaka elfu kumi!" Wageni wakashangilia. Bwana mmoja kutoka Concepción akauliza kwa nini barafu ya miaka elfu kumi ina pembe nne. Nikasema ni upepo.

Tukanywa. Kimya. Kimya cha kwanza katika safari zangu zote. Yule bwana wa Concepción akainusa gilasi yake, akaniuliza kwa adabu kama samaki alikufa kabla ya barafu au baada yake. Nikaeleza kwamba katika zama za baridi kuu samoni wengi walinaswa humo wakiwa hai. Mama mmoja akaanza kuwahurumia samoni. Wengine walijihurumia wenyewe, wameinama ubavuni mwa boti.

Baadaye nilikumbuka kwamba samoni waliletwa nchini na wafugaji, nami nikiwa mtu mzima mwenye kazi. Hakuna mgeni aliyeliona kosa hilo. Kiwango cha elimu kimeshuka sana.

Doña Ercira aliimwaga yake baharini. Rudecindo hakunisemesha njia nzima. Tulipofika gatini ndipo akafungua kinywa. Alisema ameushika wavu ule tangu ujana wake, na hajapata kuona mtu akivua barafu kutoka kwenye sanduku. Kisha akaenda kuuosha wavu kwa sabuni, mara mbili, mbele yangu.

Yasna amepiga simu. Amenunua kitanda.

Alhamisi, 13 Machi

Kitanda kina godoro la wagonjwa wa mgongo. Mimi siumwi mgongo. Naumwa goti. Mtoto wa kuzaa mwenyewe!

Nilimwambia mambo ya kazi yanakwenda vizuri. "Baba, nitampigia huyo mama mwenyewe, usijisumbue kunieleza." Hatua kali zinahitajika.

Adui ana silaha mbili: kipaza sauti na kodiani. Nitaziondoa zote mbili. Fyuzi ya kipaza sauti imo katika kisanduku nyuma ya jiko la kuni; nimewahi kumwona Rudecindo akiifuta. Kodiani hulazwa ndani ya kasha la majaketi ya kuokolea maisha wakati Nolberto anawalaki wageni kwa busu. Nitalikalia kasha. Mzee mwenye goti bovu hainuliwi na mtu.

Hii si hila. Huu ni usahihishaji.

Jumamosi, 15 Machi

Balaa!

Na ajabu ni kwamba kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga. Fyuzi ilikuwa mfukoni mwangu kabla hatujaondoka. Nolberto alibonyeza, akapuliza, akagonga. Hakuna kitu. Akajaribu kupaza sauti. Sasa siri ya redio imefichuka: bila umeme, mtu yule ana sauti ya birika. Safu ya pili hawakusikia neno. Akaitafuta kodiani. Mimi nilikuwa nimeikalia, nikiitazama milima. Akaja mbele yangu. "Mwalimu, hebu inuka kidogo, jirani yangu." Nikamwonyesha goti. Akasimama, akanitazama, akaenda kuketi kando ya mlango, amenuna, mikono kifuani, akabaki hivyo mpaka jioni.

Furaha yangu ilidumu mpaka kwenye jiwe la simba wa baharini.

Hapo wageni walisogea upande mmoja, polepole, wakinong'onezana. Simba hawakuruka majini. Mmoja alikuwa ananyonyesha, karibu kiasi kwamba tulimsikia mtoto akifyonza. Mbele kidogo huemul, yule paa wetu wa milimani, alitoka msituni akashuka mpaka kwenye changarawe, akasimama, akatutazama. Nimeishi huku maisha yangu yote, na mnyama huyo nilikuwa nikimwona kwenye nembo ya taifa tu.

Mbele ya Bibi hapakuwa na aliyepumua. Akakohoa. Akapumzika. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, na mawimbi yakaja taratibu mpaka chini yetu. Mzee mmoja alivua kofia. Msichana mmoja alilia bila sababu yoyote iliyotajwa.

Wakati wa kushuka walijipanga mstari ili kumshukuru Nolberto! Mama mmoja akamshika mikono yote miwili: "Wewe ndiye wa kwanza kutuacha tuone, baba. Mungu akuweke." Nolberto akageuka nyuma kutazama ni nani anayeambiwa. Doña Ercira alitabasamu. Sijamwona akitabasamu tangu siku ya harusi yake, na hata siku ile nilidhani ni jua.

Nimeirudisha fyuzi. Nimelichambua jambo hili kwa utulivu na kupata maelezo yake. Wageni walimwonea huruma. Ukimnyang'anya mtu kipaza sauti unampa huruma ya watu, na huruma ina nguvu kuliko hoja. Kosa langu lilikuwa la mbinu. La maadili halikuwapo.

Jumanne, 18 Machi

Habari njema! Nolberto ni mjinga kuliko nilivyokadiria.

Nilikutana naye asubuhi kwa mwoka mikate. Nilidhani atajisifu. Kumbe ana uchungu! "Jirani, ile siku ilitaka kuniua. Watu wananishika mikono kama nimefiwa! Mimi, Nolberto Oyarzo, kuhurumiwa! Hairudii tena." Amejipatia kipaza sauti chake mwenyewe, kile cha mkononi chenye umbo la faneli ambacho polisi hukitumia kwenye maandamano. Kinatumia betri. Akasema hakitaki fyuzi, na aliposema neno hilo aliutazama mfuko wa koti langu. Mwoka mikate naye akautazama. Nikachukua mkate wangu nikaondoka kwa heshima.

Leo alikitumia, tena katika zamu yangu, ambayo doña Ercira alimpa yeye kwa sababu ya ile barafu ya samoni. Simba wa baharini walijitupa majini wote kwa pamoja, mpaka boti ikayumba. Mbele ya Bibi, injini ilipozimwa, akakiinua mdomoni: "Habari za asubuhi, Bibi! Umelalaje?" Mwangwi ukamrudia, ukamrudia tena, na kila uliporudi alijijibu mwenyewe kwamba amelala vizuri. Bibi hakukohoa. Rudecindo alizifuta gilasi ambazo hazikuwa zimetumika, akazirudisha kabatini moja moja.

Jioni doña Ercira alituita sote wawili gatini. Alisema Mungu angeweza kumpa wavulana wawili wenye maringo, wangekua wakaacha. Lakini amempa wazee wawili, na wazee hawakui. Alisema safari mbili zilizobaki kabla hajachagua ni zangu, ya Ijumaa na ya Jumapili, kwa kuwa Nolberto ameshamchosha wiki hii. Alisema Yasna amempigia simu, na kwamba Jumapili jioni atapiga tena ili apewe jibu. "Kwa hiyo Mwalimu, jitahidi." Nikamwahidi kwamba nitajitahidi kuliko nilivyopata kujitahidi. Alifumba macho. Nadhani ni upepo.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepoteza sauti.

Jana nilikwenda kwenye maporomoko ya maji nyuma ya makaburi ili kufanya mazoezi. Wazo lenyewe lilikuwa zuri: anayesikika juu ya maporomoko atasikika popote. Nilisoma hotuba yote tangu mwanzo. Kisha nikaisoma tena kwa msisitizo. Ng'ombe wa jirani walihama. Leo asubuhi nilifungua kinywa kumwamuru paka ashuke mezani, ikatoka hewa. Paka hakushuka.

Nilimpelekea doña Ercira karatasi niliyoiandika kwa mkono mzuri, nikiomba safari ya kesho iahirishwe kwa sababu zilizo nje ya uwezo wangu. Aliisoma. Akaniomba nijaribu kusema neno lolote. Nikajaribu. Akaniomba nijaribu tena, kwa bidii. Akasikiliza kwa makini sana, kisha uso wake ukakunjuka. Hakuahirisha. Amenipa chupa ya asali ya maua ya ulmo, mti wa misitu yetu. "Njoo hivyo hivyo, Mwalimu. Na hiyo asali usiifakamie. Kijiko kimoja kimoja, taratibu, wiki nzima."

Mwanamke huyu haelewi tiba.

Ijumaa, 21 Machi

Nilivaa suti ya kahawia, na shingoni skafu nyekundu ya marehemu mke wangu, kwa ajili ya koo. Sikuwa na la kufanya. Nilisimama mbele, mkono kwenye chuma cha ukingo, na kila kilipotokea kitu nilikinyooshea kidole.

Naandika yaliyotokea kwa mpangilio. Nilinyoosha kidole kwa simba wa baharini, wageni wakawatazama. Nilinyoosha kidole kwa kondori. Wakamtazama mpaka alipopotea nyuma ya mlima, na hakuna aliyetaka kujua jina lake la kisayansi. Bibi mkongwe mmoja kutoka Valdivia, abiria, aliketi karibu nami akalala begani mwangu, akaamka, akasema, "Raha iliyoje," akalala tena.

Mbele ya barafu doña Ercira alizima injini. Mimi nilikuwa na mengi ya kusema na sikuwa na cha kuyasemea. Nikabaki nimesimama. Maji yalikuwa yakidondoka mahali fulani ndani ya bluu ile ya barafu. Kisha ukasikika mlio kama mti unaovunjika mbali, na uso wa Bibi ukashuka, polepole kwanza. Sijapata kumwona akikohoa vile. Au nimepata kumwona, lakini nilikuwa nikitazama karatasi.

Rudecindo alivua barafu. Alinipa gilasi ya kwanza, yeye mwenyewe, ishara kwamba yamekwisha. Na hapa pana jambo ambalo sikulijua. Barafu ile husema. Inapoyeyuka kwenye gilasi hutatarika, vipovu vidogo vinapasuka, hewa ya zamani inatoka. Gilasi zote za boti zilikuwa zikitatarika pamoja. Imekuwa ikifanya hivyo miaka yote hii! Jambo la kuvutia sana. Nitaliongeza kwenye hotuba.

Njiani doña Ercira aliniita chumba cha usukani, kwenye kiti cha kando ya jiko, ambacho hakijakaliwa na mtu tangu mumewe afariki. Akanijazia kibuyu cha yerba, majani yetu ya kunywa kama chai, akanipa mimi kwanza. "Hivyo, Mwalimu. Hivyo hasa." Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Jumapili uje vile vile ulivyokuja leo, usibadilishe kitu. Jioni binti yako akipiga, nitakuwa na jibu, na nadhani utalipenda."

Vile vile ulivyokuja leo. Nimeyapima maneno hayo jioni yote. Nilivyokuja. Nilikuja na nini nisichokuja nacho safari nyingine? Suti ni ile ile. Viatu ni vile vile. Jibu ni dhahiri.

Ni skafu.

Jumapili, 23 Machi, asubuhi

Sauti imerudi! Nzima, yenye kina, labda bora kuliko zamani. Niliimaliza asali yote jana kabla ya chakula cha mchana, kinyume cha maagizo, na tiba imekubali. Nilimwamuru paka ashuke mezani. Alishuka.

Skafu nimeipiga pasi. Nimeifunga kwa fundo lile lile la Ijumaa.

Nolberto alikuja mlangoni mapema, nami nikajiandaa kwa ugomvi. Kumbe amekuja na kile chombo chake chenye umbo la faneli, kimefungwa kwa karatasi. "Chukua, jirani. Mimi nimezeeka. Chombo hiki kinamtaka mtu msomi, mwenye mengi ya kusema." Akanionyesha kitufe cha kuongeza sauti, akakisukuma mpaka mwisho, akanikumbatia. Alikuwa akitabasamu, macho yamejaa maji. Si kila mtu anajua kushindwa kiungwana namna hiyo. Nimemsamehe kila kitu, hata lile duka la viatu.

Yasna naye amepiga simu. Nikamwambia amtafutie godoro mgonjwa wa mgongo wa kweli. Akafurahi kunisikia nina furaha. "Baba, natumaini ni kweli, maana mimi nataka ubaki huko unakopenda. Siyo kwamba nataka kukuburuta." Alisema atapiga kwa doña Ercira jua likizama. Mtoto mzuri. Amelelewa vizuri.

Hotuba iko tayari. Nimeipanga upya yote. Kwenye jiwe la simba nitakuwa mfupi, kwa sababu injini inaunguruma na maneno hupotea. Sura ndefu kuliko zote nimeiweka mbele ya Bibi, doña Ercira atakapozima injini, ambapo hapatakuwa na kelele ya kunisumbua. Itafuata nyongeza kuhusu barafu inavyotatarika kwenye gilasi. Nitaisoma kwa chombo cha Nolberto, ili kila mgeni asikie vizuri jinsi inavyosikika.

Honi ya boti inalia. Nakwenda. Sitakuacha tena kimya muda mrefu, daftari. Uamuzi ukishatolewa nitaandika.